Gari la masika hutengenezwa wakati wa vumbi

Ni Septemba mjini Ifakara na kipupwe kinaaga. Alfajiri bado kuna ubaridi wa kumfanya mama amvishe mtoto sweta kabla ya kumpeleka kliniki, lakini ikifika saa tano sweta hilo limeshafungwa kiunoni na mtoto anaomba maji. Mpunga umevunwa. Magunia yamepangwa kwenye mashine za kukoboa, na malori aina ya Fuso yanapita yakiwa yamepakia hadi juu ya bodi.

Standi, Noah inayokwenda upande wa Mofu inasubiri kujaa. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili amepewa nafasi ya mbele, amebanwa katikati ya dereva na mzee mmoja mwenye mfuko wa mbegu. Bibi anapanda nyuma, vijana wanajisogeza kumpisha. "Shikamoo bibi." "Marahaba, wajukuu zangu. Mmejaa hivyo, mimi nitakaa wapi?" Anapata pa kukaa. Juu ya keria kuna magodoro, ndoo na dumu la mafuta ya kula. Konda anapiga teke tairi la nyuma, anaridhika, anagonga bodi mara mbili na safari inaanza.

Kwa magari mengi ya njia za vijijini, teke hilo ndilo ukaguzi pekee wa siku.

Mwezi huu barabara inapitika, kwa hiyo hakuna anayeona haraka ya kwenda gereji. Lakini gari linalozimika kwenye tope mwezi Aprili, likiwa limembeba mama mwenye uchungu, mara nyingi lilianza kuharibika sasa, kwenye vumbi. Mzazi anayeishi njia hii, au mwenye ndugu huko, ana wiki chache za kulishughulikia jambo hilo kabla mvua hazijarudi.

Bonde lenye sura mbili

Mofu ni kata ya Wilaya ya Kilombero, mkoani Morogoro. Kutoka Ifakara safari inaelekea magharibi, upande wa Idete na Namwawala, huku Milima ya Udzungwa ikionekana mbali kulia kama ukuta wa bluu. Upande wa kushoto ardhi inateremka taratibu kuelekea Mto Kilombero. Watu wa huku ni wakulima wa mpunga na wavuvi, na msimu wa kilimo ukifika familia nyingi huhamia mashambani, ambako hukaa miezi kwenye vibanda na madungu hadi mavuno.

Bonde la Kilombero si jangwa hata kidogo. Ni moja ya ardhi oevu kubwa za Afrika Mashariki, na mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya maeneo yanayolindwa na Mkataba wa Ramsar. Masika hulifanya kama ziwa. Lakini kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hukatika, udongo ule ule uliokuwa tope hupondwa na magurudumu hadi ukawa unga, na barabara hufanana na njia za nchi za jangwani. Abiria wanaoshuka mwisho wa safari hucheka wakitazamana, nyusi na kope zikiwa zimegeuka rangi ya matofali.

Kwa upande wa afya, njia hii ni kama mshipa. Kituo cha kijijini kinaweza kumpima mtoto malaria na kumwanzishia dawa siku hiyo hiyo. Lakini mtoto aliyeishiwa damu, au mama ambaye mtoto amekaa vibaya tumboni, mara nyingi hupewa rufaa ya kwenda Ifakara, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa na wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi. Hapo hapo Ifakara, katika miaka ya 1950, mtaalamu wa Uswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ndogo ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Bonde hili lina sifa moja ambayo wazazi wake wanastahili kujivunia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika Kilombero na Ulanga ulionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliendana na ongezeko la asilimia 27 la watoto kunusurika, kuanzia umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Ushahidi wa aina hiyo ulisaidia kuvifanya vyandarua kuwa kinga ya kawaida nchini.

Somo lake halikuwa la mbu peke yake. Mzazi wa Mofu anajua kwamba chandarua hutundikwa kabla ya degedege. Barabarani mambo ni yale yale, ila huko kinga ni tairi, breki, mkanda na mwendo.

Vumbi linapoingia kwenye injini

Injini inahitaji hewa kama mtu. Kwenye njia ya vumbi hewa hiyo hupita kwenye chujio, ambalo mafundi wengi huliita ea klina. Likijaa vumbi, injini hukosa pumzi: gari linakuwa zito, linakula mafuta, linatoa moshi mweusi. Likitoboka, au likiondolewa ili "gari lipate nguvu", vumbi laini huingia ndani na kusaga vyuma kama msasa. Gari litaendelea kutembea miezi kadhaa. Kisha, siku linapotakiwa kupanda tuta la tope likiwa na mgonjwa, linaishiwa nguvu.

Vitabu vya magari hutoa kilomita za kubadilisha chujio, lakini hesabu hizo ni za barabara safi. Njia ya vumbi inataka chujio likaguliwe mara nyingi zaidi. Kulipulizia upepo wa kompresa kunasaidia kwa muda, ila upepo mkali hutoboa karatasi yake, na likishachakaa dawa yake ni jipya.

Rejeta nayo huziba kwa nje. Vumbi likichanganyika na mabua ya nyasi na wadudu hutengeneza kama tope kavu kwenye mapezi yake, hewa haipiti, na injini huchemka. Kuiosha taratibu kwa maji kutoka upande wa ndani kwenda nje ni kazi ya muda mfupi. Ndani yake kuwe na kimiminika cha kupoza kinachopendekezwa na mtengenezaji wa gari, maana maji matupu ya kisima huleta kutu na magamba. Injini ikishachemka njiani, mfuniko wa rejeta haufunguliwi mpaka ipoe. Mvuke wake huunguza uso na mikono, na watoto husogea kutazama, kwa hiyo wakae mbali kwanza.

Kitu kingine kinachosahaulika wakati huu ni waipa. Hazijatumika tangu Mei. Jua limezikausha, mipira imepasuka, na dereva hatajua mpaka mvua ya kwanza ya Novemba impige usiku, kioo kigeuke matope na asione mbele. Waipa mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye gari.

Betri pia huchoka zaidi kwa joto kuliko watu wanavyodhani. Mitikisiko ya barabara yenye mikunjo kama bati hulegeza vishikizo vyake, pamoja na nati za magurudumu na bomba la moshi. Gari likianza kugonga au kunguruma tofauti, lisikilizwe siku hiyo hiyo.

Matairi kutoka nchi ya theluji

Magari mengi ya Tanzania hufika yakiwa yametumika Japani, nchi ambayo mikoa yake ya kaskazini huzama kwenye theluji kila mwaka. Baadhi hufika na matairi ya majira ya baridi. Yanatambulika kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, au neno STUDLESS, kwenye ubavu wa tairi. Machoni mwa mnunuzi yanapendeza: kashata zake ni nene na zimechongwa mistari mingi midogo.

Shida ni mpira wake. Umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali. Kwenye joto la Kilombero unakuwa laini kupita kiasi, unalika haraka, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Tairi la namna hiyo halifai kuwabeba watoto Oktoba, hata kama linaonekana jipya.

Umri nao ni muhimu, na mzazi anaweza kuusoma mwenyewe bila kumwuliza muuzaji. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3519 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama haujatembea, na jua huuzeesha haraka. Nyufa ndogo kama za kisigino kilichokauka ni dalili ya wazi.

Halafu kuna upepo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa la baridi, kabla ya safari. Wengi hupunguza upepo wakidhani kwamba joto litaujaza wenyewe. Ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi linapozunguka, kukunjwa huko kunazalisha joto, na joto ndilo linalopasua. Ongeza abiria kumi na magunia mawili juu ya keria, tairi hilo limeombwa kazi isiyo yake. Teke la konda haliwezi kuyaonyesha hayo. Kipimo cha upepo kinaweza, na hakina bei kubwa.

Mtoto anakaa wapi?

Mama wa standi alimpakata mwanawe kiti cha mbele. Ndivyo ilivyo kwenye familia nyingi: mtoto hukaa mbele ili aone, au ili asitapike. Lakini gari likisimama ghafla, mikono ya mzazi haiwezi kumzuia. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 12 huchomoka kwa nguvu ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kuishika. Mbaya zaidi ni kumfunga mtoto pamoja na mzazi kwenye mkanda mmoja, kwa sababu uzito wa mzazi humkandamiza mtoto kwenye mkanda huo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo linasema kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipotungwa haikuweka sharti la kiti hicho. Mzazi mwenye gari lake hana sababu ya kusubiri sheria.

Kwa asiye na gari, ambao ndio wengi, hatua ni ndogo lakini zipo. Mtoto akae kiti cha nyuma. Kama kuna mkanda, mtoto mkubwa afungwe wake peke yake, ukipita begani na nyongani, usipite shingoni wala tumboni. Mjamzito naye anafunga mkanda: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ya juu ipite kati ya matiti. Mkanda haumwumizi mtoto aliye tumboni ukivaliwa hivyo. Unamlinda yeye na mama yake.

Bodaboda ndiyo ambulansi ya vijiji vingi, na hakuna faida ya kujifanya haipo. Kofia ngumu iliyofungwa sawasawa inaweza kupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kugonga chini. Mtoto asikae mbele juu ya tenki, kwa sababu hapo yeye ndiye anakuwa bampa ya dereva. Na miguu midogo iangaliwe: silensa ya pikipiki iliyotoka safari huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, na kidonda cha ndama ya mguu kinaweza kuchukua wiki nyingi kupona. Mtoto apandie na kushukia upande usio na silensa. Akiungua, apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala unga.

Kisha kuna gari lililosimama juani. Likifungwa vioo, joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka zaidi kuliko wa mtu mzima. Kumwacha amelala ndani "mara moja tu" wakati mzazi ananunua vocha au nyanya ni hatari, hata chini ya mwembe, kwa sababu kivuli huhama.

Jua usoni, ng'ombe barabarani

Njia ya Mofu ina jambo lake la pekee ambalo ramani inalieleza. Kwa kuwa Mofu iko magharibi mwa Ifakara, anayekwenda mjini asubuhi jua linachomoza mbele yake, na anayerudi nyumbani jioni jua linazama mbele yake. Safari zote mbili dereva anatazama mwanga. Kioo chenye tabaka la vumbi kikipigwa na jua hilo hugeuka cheupe, na mtoto anayevuka kwenda kuchota maji haonekani.

Kioo kifutwe ndani na nje kabla ya kuondoka. Kitambaa chenye maji kinatosha, lakini kisifutwe kikavu, maana vumbi hukwaruza. Na kama safari inaweza kuanza saa moja baadaye, jua likiwa juu, ni bora.

Lori likitangulia na kuinua wingu la vumbi, dereva wengi hutaka kulipita haraka ili wapumue. Ndani ya wingu hilo hakuna anayejua kinachokuja upande wa pili. Kilicho salama ni kubaki nyuma mpaka vumbi litulie, taa zikiwa zimewashwa mchana kweupe. Watoto wenye pumu wakae mbali na dirisha, vioo vya upande unaopokea vumbi vifungwe, na dawa yao ya kuvuta iwe mkononi mwa mzazi, si kwenye begi lililofungwa juu ya keria.

Agosti hadi Oktoba pia ni miezi ya kuchoma mashamba. Moshi hulala barabarani jioni, upepo unapopungua. Nyasi kavu zinazonasa chini ya gari, karibu na bomba la moshi, zinaweza kushika moto, kwa hiyo gari lisiegeshwe juu ya majani marefu makavu likiwa limetoka safari. Ni jioni hizo hizo ambapo wafugaji hurudisha ng'ombe kutoka majini. Kundi likianza kuvuka, halikatiki katikati: ng'ombe mmoja akipita, wa nyuma yake anakuja.

Kwa yote hayo dawa kubwa ni mwendo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Kwenye barabara ya mikunjo na changarawe hali ni ngumu zaidi, kwa sababu tairi linaruka juu ya mikunjo na muda mwingi haligusi ardhi vizuri. Breki za ghafla hapo huligeuza gari.

Abiria ana sauti, ingawa wengi huona aibu kuitumia. Mama akisema kwa utulivu, "Kaka, naomba upunguze mwendo, nina mtoto mdogo," mara nyingi wengine waliokuwa wamenyamaza humuunga mkono. Na bibi akisema, "Mwanangu, sisi hatuna haraka," ni dereva gani atabishana na bibi?

Maji yakirudi

Wakazi wa bonde hawahitaji kufundishwa nguvu ya maji. Watu wa Ulanga wanakumbuka miaka ya kuvuka Mto Kilombero kwa kivuko, mgonjwa akisubiri zamu ukingoni, hadi daraja la mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Magufuli. Daraja lile lilifupisha safari ya hospitali kwa familia za ng'ambo. Lakini vijito na mabonde madogo ya njia za ndani bado hujaa kila masika.

Maji ya sentimita 30 tu yanaweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 zikiwa na mkondo husomba magari mengi, yakiwemo marefu. Rangi ya maji huficha shimo. Kama wenyeji waliosimama ukingoni wanatingisha vichwa, dereva ana jibu lake.

Ndiyo maana mpango wa kujifungua hupangwa sasa. Mjamzito anayetarajia kujifungua kati ya Machi na Mei, na anayeishi shambani mbali na barabara, azungumze na mhudumu wa kliniki mapema kuhusu kuhamia karibu na kituo wiki za mwisho. Familia ijue gari lipi litambeba, nani ataendesha, fedha ziko wapi, na nani atabaki na watoto wengine. Gari hilo lililochaguliwa ndilo linalopaswa kupelekwa gereji mwezi huu.

Kuna msaada pia. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao Serikali iliuzindua kitaifa mwaka 2022, huwahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kwa kupiga 115 bila malipo. Ambulansi isipopatikana karibu, mfumo huo huweza kumtuma dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa, na yeye hulipwa kwa safari hiyo. Maana yake ni kwamba gari la kijijini, lile lile la kubebea abiria na magunia, linaweza kuwa ambulansi usiku wowote. Namba hiyo iandikwe ukutani, karibu na kadi ya kliniki, kwa wino unaosomeka kwa mwanga wa tochi ya simu.

Kwa mtoto mdogo, mzazi asisubiri kuche kama mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri. Hizo ni dalili za hatari, na kila saa ina thamani.

Kabla ya Novemba

Mwenye gari, pikipiki au bajaji ana orodha fupi ya kumpa fundi kabla vuli haijaanza: chujio la hewa, oili na chujio lake, rejeta na mipira yake, mkanda wa feni, breki pamoja na mafuta yake, taa zote, waipa, betri, nati za magurudumu. Kwa pikipiki aongeze cheni na sproketi, ambazo vumbi huzila kimya kimya, na nyaya za breki. Tairi la akiba literemshwe na kupimwa, maana wengi hugundua halina upepo siku wanapolihitaji. Jeki na spana viwemo ndani, si nyumbani.

Mwenye mfuko mdogo aanze na vitu vinne: matairi, breki, taa na waipa. Hivyo ndivyo vinavyoamua kama gari litasimama na kama dereva ataona.

Ndani ya gari ziwepo lita kadhaa za maji ya kunywa, zaidi ya yale ya rejeta. Kwenye barabara zinazokata jangwa, dumu la maji ni kifaa cha gari kama jeki. Kwenye njia ya Mofu, gari likiharibika saa saba mchana na watoto wawili ndani, dumu hilo lina kazi ile ile. Tochi, kitambaa cheupe cha kufunga dirishani na simu yenye chaji vinamaliza orodha.

Jua linakaribia kuzama Noah inapoingia Mofu. Mama anashuka, anamfuta mtoto uso kwa ncha ya khanga na ngozi yake ya kweli inaonekana tena. Bibi anateremshwa kwa kushikwa mkono, anahesabu ndoo zake. Dereva anachota maji, anamwagia kioo cha mbele, kisha anainua mikono ya waipa na kuipitisha kidole. Mpira unamegukia mkononi mwake. Anautazama kidogo, anauweka mfukoni ili akirudi Ifakara kesho auonyeshe dukani na kupata wa saizi ile ile.

Mbingu ni nyeupe, haina wingu hata moja. Bado ana wiki kadhaa.